Nyasi Ulizofyeka Usimwachie Mwenzako Barabarani



Hapa Uganda mvua hunyesha misimu miwili: ile ya Machi mpaka Mei, na ile ya Septemba mpaka Novemba au Desemba. Misimu hiyo ikifika, nyasi huota usiku na mchana. Leo umefyeka mbele ya ofisi ya shamba, wiki mbili hazijapita unaambiwa urudi ufyeke tena. Kazi hiyo twaijua sote. Walio katika mashamba ya chai na miwa wanaijua, na walio viwandani wanaijua pia, maana hakuna kiwanda kisichokuwa na uwanja wa nyasi mbele ya lango na ukanda wa nyasi kando ya barabara.

Kufyeka si jambo tunalotaka kulizungumza leo. Tunataka kuzungumza juu ya zile nyasi zilizokwisha kufyekwa. Zinakwenda wapi? Nani anaziondoa? Na zikibaki barabarani, nani anaumia?

Huenda ndugu msomaji ukaona ni jambo dogo mno kuandikwa katika gazeti la chama, wakati kuna mambo ya mishahara na likizo. Tafadhali soma mpaka mwisho, ndipo uamue.

Jambo nililoliona

Katika shamba moja nililopata kufanya kazi, kikosi cha kufyeka kilimaliza kando ya barabara ya kwenda kiwandani jioni. Nyasi nyingi ziliangukia barabarani, nyingine zikasukumwa kwa mguu mpaka mferejini. Kila mtu alikuwa amemaliza ngwe yake, mnyapara alikuwa amekwisha pima na kuandika, kwa hiyo watu walikwenda nyumbani.

Usiku mvua ikanyesha. Alfajiri, watu wa zamu ya kwanza walipokuwa wakienda kazini gizani, ndugu mmoja aliyepanda baiskeli aliteleza juu ya zile nyasi zilizolowa, akaanguka na kuumia mkono. Alikaa nyumbani siku nyingi. Wakati huo huo karavati lililo chini ya njia ya kambi lilikuwa limeziba, na maji yalipokosa njia yakaingia katika nyumba za mstari wa chini. Akina mama waliamka wakayakuta magodoro ya watoto yamelowa.

Asubuhi hiyo waliitwa akina mama wanaofagia. Wao ndio walioinama mferejini kwa mikono mitupu kuzitoa nyasi, ambazo sasa zilikuwa zimechanganyika na tope na vigae vya chupa. Mshahara wao ni mdogo kuliko wa wafyekaji, na kazi yao ya kawaida ya siku hiyo haikupunguzwa. Mama mmoja aliniambia maneno mafupi tu: "Ninyi mmepimiwa, sisi hatupimiwi."

Maneno hayo sikuyasahau. Tulikuwa wanachama wa chama kimoja, tukiimba wimbo mmoja katika mkutano, lakini kazi yetu ya jioni tulikuwa tumewatupia wenzetu wa asubuhi.

Nyasi zikiwa barabarani zafanya nini?

Kwanza, zinateleza. Nyasi mbichi sehemu yake kubwa ni maji. Gurudumu likizikanyaga zinapondeka na kutoa utelezi kama wa ganda la ndizi. Gari la magurudumu manne laweza kujishikilia, lakini baiskeli na pikipiki zina magurudumu mawili tu, na katika kona gurudumu likiteleza hakuna la kukuzuia usianguke. Siku hizi wafanyakazi wengi huenda kazini kwa bodaboda, kwa hiyo hatari imezidi. Si sisi peke yetu tuliolitambua jambo hili. Huko Marekani, ambako watu wengi wana viwanja vya nyasi mbele ya nyumba zao, miji mingi ina sheria ndogo zinazokataza kutupa au kupuliza nyasi barabarani, na waendesha pikipiki wa huko wamelalamika sana juu ya hatari hiyo.

Pili, zinaziba mifereji. Nyasi moja haizibi kitu. Lakini nyasi zikikokotwa na maji hufika mahali penye kijiti au mfuko wa plastiki, zikanasa hapo na kusukana kama mkeka. Nyuma ya mkeka huo mchanga hutuama. Baada ya mvua mbili tatu karavati limejaa nusu, na mvua kubwa ikija maji hupita juu ya barabara, hukata kingo zake na kuingia majumbani.

Tatu, maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu. Mbu hutaga mayai katika maji, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka huwa siku 7 hadi 14 hivi katika nchi zetu zenye joto. Maana yake ni kwamba mfereji uliozibwa leo na kuachwa waweza kutoa mbu kabla ya mwisho wa mwezi. Mbu wa malaria wanapenda maji yaliyotulia, na mbu wengine wanapenda maji machafu yenye majani yanayooza. Wote watatuuma. Na malaria ikiingia nyumbani, siku za kazi zinapotea na fedha za dawa zinatoka mfukoni mwetu.

Nne, zinaharibu maji ya mto na ziwa. Nyasi zikioza ndani ya maji hutumia ile hewa ambayo samaki wanaivuta. Tena hutoa chumvichumvi za mbolea, yaani naitrojeni na fosforasi, ambazo hulisha mimea ya majini. Maji ya mifereji mingi ya Kampala huishia katika mfereji wa Nakivubo, nao huingia katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Wengi wetu twakumbuka gugumaji lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 lilifunika bandari na vituo vya wavuvi, hata likasumbua bwawa la umeme la Jinja. Hatusemi kwamba nyasi za kando ya barabara ndizo zilizoleta gugumaji. Uchafu wa vyoo, udongo unaochukuliwa na mvua na mbolea za mashamba ni mzigo mkubwa zaidi. Lakini kila kitu kinachooza kikiingia majini huongeza chakula cha magugu hayo. Katika jimbo la Minnesota huko Marekani, lenye maziwa mengi, sheria imezuia mbolea yenye fosforasi katika viwanja vya kawaida vya nyasi, na tangu mwaka 2005 inatumika jimbo zima. Mbolea ikimwagika juu ya lami lazima iondolewe mara moja. Wenzetu wa huko waliona kwamba kilicho barabarani leo kitakuwa ziwani kesho.

Uwanja wa nyasi ulitoka wapi?

Babu zetu hawakuwa na uwanja wa nyasi. Mbele ya nyumba palifagiliwa pakawa peupe, ili nyoka aonekane na watoto wacheze. Uwanja wa nyasi zilizokatwa fupi ulikuja pamoja na nyumba za maofisa wa kikoloni na mabwana wa mashamba. Entebbe, ambako serikali ya kikoloni iliweka makao yake, bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1898, na mtindo wa viwanja vya nyasi ukaenea katika nyumba za serikali, hospitali, misheni na ofisi za mashamba.

Hata huko Uingereza uwanja wa namna hiyo kwanza ulikuwa wa matajiri, kwa sababu ulihitaji vibarua wengi wenye mafyekeo. Kisha mwaka 1830 fundi mmoja wa sehemu za Stroud, jina lake Edwin Budding, alitengeneza mashine ya kukatia nyasi. Wenzetu wa viwanda vya nguo watapenda kujua kwamba wazo lake alilipata katika kiwanda cha nguo za sufu. Humo mlikuwa na mashine yenye visu vilivyozungushwa kwenye rola ili kunyoa manyoya ya juu ya kitambaa kiwe laini. Budding aliona kwamba kinachonyoa kitambaa chaweza kunyoa uwanja. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kuitengeneza mashine hiyo.

Basi tangu mwanzo mashine hii imetoka katika akili na mikono ya mafundi. Lakini sisi tulio wengi bado tunatumia fyekeo, au slasha kama wengi tunavyoiita. Iwe fyekeo, iwe mashine, nyasi iliyokatwa ni lazima iende mahali.

Adabu ya kazi: kabla, wakati na baada

Yafuatayo ni mambo ambayo mfyekaji yeyote aweza kuyafanya. Mengi hayana gharama.

1. Kabla ya kuanza, pita uokote mawe, chupa, vipande vya waya na mifuko ya plastiki. Jiwe likipigwa na fyekeo huruka. Likipigwa na kisu cha mashine huruka vibaya zaidi, kwa maana ncha ya kisu hicho yaweza kwenda kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Jiwe la namna hiyo laweza kutoboa jicho au kuvunja kioo cha gari linalopita.

2. Angalia mfereji ulipo na maji yanakoelekea. Amua mapema lundo la nyasi litawekwa wapi. Liwe upande wa juu, mbali na mfereji, ili mvua ikinyesha ghafla nyasi zisikokotwe.

3. Anza kufyeka kandokando ya barabara, ukielekeza pigo lako ndani, yaani nyasi ziangukie upande wa uwanja. Ukitumia mashine, geuza mdomo wake wa kutolea nyasi utazame ndani kwa mizunguko miwili mitatu ya kwanza. Kwa njia hiyo barabarani huanguka nyasi chache tu.

4. Usikate nyasi kwa mashine zikiwa zimelowa ikiwa unaweza kungoja. Nyasi zilizolowa hugandamana, huziba mashine, na hubaki mabonge mabonge. Kufyeka mteremko uliolowa pia ni kujitafutia kuanguka na fyekeo mkononi.

5. Usikate fupi mno. Kanuni nzuri ni kuondoa theluthi moja tu ya urefu wa nyasi. Nyasi iliyonyolewa mpaka udongo hufa, mvua huchukua udongo, na udongo huo nao huenda kuziba mfereji. Nyasi fupi zilizotoka katika kanuni hiyo zaweza kuachwa hapo hapo uwanjani, si barabarani. Zitaoza na kuwa mbolea, nawe huna haja ya kuzikusanya.

6. Mtu akipita, simama. Akiwa mama mwenye mtoto mgongoni, mwanafunzi au mzee, mpe nafasi apite mbali. Mwenye mashine azime au aachilie mpaka mtu apite. Wafyekaji wenyewe waachane hatua kadhaa, kila mtu na ngwe yake, maana fyekeo lililochomoka mkononi halichagui ndugu.

7. Ukimaliza, chukua reki na fagio la chelewa. Kokota nyasi zote kutoka barabarani kuelekea ndani. Usizisukume mferejini hata kama hakuna anayekuona. Kisha tembea hatua chache kwa kufuata mfereji na utazame mdomo wa karavati. Ukiona pameanza kuziba, ondoa sasa wakati ni kazi ya dakika tano. Tumia jembe au uma, si mkono mtupu.

8. Mashine ya petroli izimwe na ipoe kabla ya kujaza mafuta. Mashine hizo zina kelele ya kuumiza masikio ya mtu anayeiendesha siku nzima. Tena si adabu kuiwasha alfajiri karibu na nyumba za watu waliotoka zamu ya usiku, kwa maana nao wanahitaji kulala ili wasijeruhiwe kazini kesho yake.

Usichome moto

Wengine huona njia rahisi ni kuchoma. Nyasi mbichi haziwaki vizuri, hutoa moshi mzito tu. Moshi huo ukivuka barabara, dereva haoni mbele. Ukiingia kambini, watoto na wazee wenye pumu wanapata shida ya kupumua. Na wakati wa kiangazi moto mdogo wa kando ya barabara waweza kuruka ukaingia katika miwa, na wote twajua ni nani atakayelaumiwa kwanza.

Nyasi ni mali

Ndugu, kile tunachokitupa mferejini ni mali. Nyasi mbichi zina naitrojeni na potasiamu, na fosforasi kidogo. Hizo ndizo mbolea zinazouzwa kwa magunia.

Matumizi ya kwanza ni matandazo. Wakulima wa migomba na kahawa hapa Uganda wanajua faida ya kufunika udongo kwa nyasi kavu. Unyevu haukauki upesi, magugu hayaoti, na mvua haichukui udongo. Zikaushe kwanza siku moja mbili juani, kisha zitandaze kwa tabaka jembamba. Ukirundika nyasi mbichi nene zitashikana, zitanuka na kuzuia hewa. Katika migomba usizisogeze mpaka shinani. Acha nafasi ya nusu mita hivi, kwa sababu wale fukusi wanaotoboa migomba hupenda kujificha penye unyevu na kivuli karibu na shina.

Matumizi ya pili ni mboji. Chagua mahali palipoinuka, mbali kidogo na nyumba ili nyoka na panya wasikukaribie. Weka tabaka la nyasi mbichi, kisha tabaka la vitu vikavu kama majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi au maganda ya kahawa, kisha samadi kidogo kama ipo. Rudia mpaka lundo lifike kifuani. Nyasi mbichi peke yake huoza kwa harufu mbaya. Vile vikavu ndivyo vinavyoingiza hewa. Lundo zuri hupata joto la nyuzi 55 mpaka 65 ndani yake, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Ligeuze kila baada ya wiki moja au mbili na ulinyunyizie maji likikauka. Baada ya miezi miwili mitatu hivi utapata udongo mweusi unaofaa bustani ya mboga.

Matumizi ya tatu ni chakula cha mifugo. Wenye ng'ombe, mbuzi na sungura kambini watazifurahia nyasi zilizofyekwa leo kwa fyekeo. Lakini shika mambo mawili. Usimpe mnyama nyasi zilizokaa zikapata joto au ukungu, wala zile zilizotoka katika mashine zikiwa na mafuta ya petroli. Na usimpe kamwe, wala usitandaze katika mboga, nyasi zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu. Muulize mnyapara kama kando ya barabara hiyo pamepuliziwa dawa, na lini. Hiyo si jeuri, ni haki yako kujua.

Nani aondoe nyasi?

Sasa tumefika penye kiini cha habari hii. Baadhi ya wasimamizi husema, "Wafanyakazi ni wavivu, wanaacha uchafu barabarani." Na baadhi yetu husema, "Mimi nimepimiwa kufyeka, sikupimiwa kufagia." Maneno yote mawili hayatufikishi popote.

Tazameni jinsi kazi inavyopimwa. Mfyekaji anapewa ngwe kwa hatua. Mnyapara akifika anatazama kama nyasi zimekatwa. Kama zimekatwa, siku yake inaandikwa. Hakuna anayetazama barabara wala karavati. Basi mtu atakayekaa nusu saa zaidi akikokota nyasi, nusu saa hiyo ameitoa bure, na mwenzake aliyezisukuma mferejini amefika nyumbani mapema kwa mshahara ule ule. Kipimo chenyewe kinamfundisha mtu kufanya vibaya. Hapo lawama ya uvivu haina msingi.

Lakini na sisi hatuna budi kukiri upande wetu. Kazi ambayo haikulipwa haipotei. Inahamia kwa mwenzetu aliye chini yetu: mfagiaji, kibarua wa muda, au mama anayekaa nyumba ya mstari wa chini. Mwajiri hakuumia asubuhi ile niliyoieleza. Aliyeumia ni mwenye baiskeli, na aliyeinama mferejini ni mama yetu.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba jambo hili lipelekwe mkutanoni, na wajumbe walizungumze na wasimamizi kwa maneno haya:

Kwanza, kukokota nyasi na kusafisha kando ya barabara kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi ya kufyeka. Kama ngwe ilikuwa hatua kadhaa bila kukokota, basi ipunguzwe ili mtu aweze kufyeka na kukokota katika saa zake za kazi. Au kiwekwe kikosi maalumu cha kukokota siku ile ile, nacho kiandikiwe siku kamili.

Pili, vyombo vitolewe. Mtu hawezi kukokota kwa vidole. Kikosi kinahitaji reki, fagio, uma na toroli. Mfyekaji anahitaji viatu vigumu na miwani ya kukinga macho. Mfagiaji wa mfereji anahitaji glavu na viatu vya mpira. Vyombo vya kinga visikatwe katika mshahara. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo katika orodha ya mikataba ya msingi. Kwa watu wa mashamba upo pia Mkataba Na. 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo. Na hapa nchini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, tena inazungumzia wawakilishi na kamati za usalama mahali pa kazi. Kama kamati hiyo ipo kwenu, mfereji uliozibwa ni kazi yake. Kama haipo, ulizeni kwa nini.

Tatu, pawekwe mahali maalumu pa kurundika nyasi katika kila sehemu ya shamba, na wafanyakazi waruhusiwe kuchukua matandazo na mboji kwa bustani zao. Hili halimgharimu mwajiri kitu, na litawafanya watu wazichukue nyasi wenyewe bila kuamrishwa.

Nne, kabla ya kila msimu wa mvua, yaani mwezi Februari na mwezi Agosti, makaravati yote ya njia za kambi yakaguliwe na mjumbe wa wafanyakazi akiwapo.

Na nyumbani kwetu je?

Tusiwalaumu wasimamizi peke yao. Jumapili ukifyeka mbele ya nyumba yako, hapana mnyapara. Ukisukuma nyasi upande wa jirani, umefanya kile kile unacholalamikia kazini. Adabu ya zamani ni kwamba mtu hufagia mbele ya mlango wake na kuzidisha kidogo mpaka mbele ya mlango wa jirani. Ukianza hivyo, jirani naye ataona haya kukuachia. Kama jirani ni mgonjwa au yuko zamu, mkokotee na zake. Kama yeye ndiye anayekutupia nyasi, usianze na matusi. Nenda na reki yako mkononi, mwonyeshe mfereji, mfanye pamoja siku ya kwanza. Watu wengi hawajui maji ya mfereji wao yanaishia nyumba ya nani mpaka waonyeshwe.

Watoto nao wafundishwe wasirushe nyasi mferejini kwa kucheza, na wasiguse fyekeo wala mashine. Fyekeo likimaliza kazi liwekwe juu, si kuegemezwa mlangoni.

Mwisho

Ndugu, twasema katika mikutano kwamba umoja ni nguvu. Umoja huo hauonekani siku ya mgomo na siku ya mkutano peke yake. Unaonekana pia saa kumi jioni, ngwe imekwisha, jua linawaka, mnyapara amekwisha andika, na nyasi zako zimelala barabarani mahali ambapo mwenzako atapita gizani kesho alfajiri.

Mlete jambo hili katika mkutano wa tawi kabla ya mvua. Mpimeni wenyewe, kwa saa, muda gani unahitajika kukokota ngwe moja ya kando ya barabara, mkauandike, mjumbe akaenda nao mezani. Hesabu iliyopimwa na wafanyakazi wenyewe ni vigumu kuikataa. Na mpaka hapo jibu litakapopatikana, tusimwachie mama wa ufagio mzigo wetu. Tuchukue reki kwa zamu, watu wawili wawili kila jioni, huku tukidai haki yetu ya kulipwa kwa kazi hiyo.